Mita 1500 za Ireen Wüst

Ukitoka Zwolle kwa treni kuelekea kaskazini mwa Uholanzi, nchi inakuwa tambarare kiasi kwamba mnara wa kanisa unauona muda mrefu kabla ya kukiona kijiji chake. Hakuna kilima wala mwamba. Kuna malisho, mifereji iliyonyooka, na maziwa madogo yanayochomoza ghafla nyuma ya matete. Maji mengi ya hapa yametokana na kazi ya mikono ya watu. Kwa karne kadhaa wakazi wa jimbo la Friesland walichimba udongo mweusi wa vinamasi, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni, na mji wa Heerenveen ulianzishwa mwaka 1551 kwa ajili ya biashara hiyo. Mifereji ilichimbwa ili mashua zipitishe mzigo, na mashimo yaliyoachwa yakajaa maji. Majira ya baridi yalipofika na maji yakaganda, mashua zilikwama. Watu wakafunga vyuma miguuni, wakateleza kwenda sokoni, kanisani na kwa jamaa zao wa vijiji vya jirani. Mchezo ambao leo una makocha, wadhamini na saa za kupima sehemu ya mia ya sekunde ulikuwa kwanza njia ya kufika mahali.

Nilipanda treni hiyo kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuzaliwa Friesland. Ireen Wüst alizaliwa tarehe 1 Aprili 1986 huko Goirle, mji mdogo wa Brabant Kaskazini, karibu na mpaka wa Ubelgiji, upande wa pili kabisa wa nchi. Lakini Heerenveen ndiko alikohamia kufanya mazoezi, na Heerenveen ndiko uliko uwanja wa Thialf, ambako kila mtelezaji wa Kiholanzi hupimwa kabla ya kuruhusiwa kuvaa rangi za taifa. Kati ya mwaka 2006 na 2022 Wüst alikwenda Olimpiki tano za Majira ya Baridi, na katika kila moja alipata dhahabu ya mtu binafsi. Kabla yake hakuna mwanamichezo yeyote, mwanamume au mwanamke, wa kiangazi au wa baridi, aliyewahi kufanya hivyo. Mwanamieleka wa Kuba, Mijaín López, alimfikia miaka miwili baadaye, jijini Paris.

Mimi natoka Kenya, nchi inayoziona mita 1500 kama mali yake. Faith Kipyegon ameshinda umbali huo katika Olimpiki tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, na kwetu hata asiyefuatilia riadha anajua uzito wa jambo hilo. Ndiyo maana rekodi ya Wüst ilinikamata pale nilipoiona imepangwa kwa umbali huo huo, mita 1500, kwenye barafu: shaba mwaka 2006, dhahabu 2010, fedha 2014, dhahabu 2018, dhahabu 2022. Michezo mitano, medali tano, umbali mmoja. Alishinda mengine mengi, lakini ni mfululizo huu uliomfanya Mkenya mmoja atake kwenda Friesland wakati wa baridi.

Thialf uko pembeni mwa mji, jengo kubwa lenye paa lililotandazwa paneli za sola. Ulifunguliwa mwaka 1967 ukiwa uwanja wa wazi, upepo na mvua vikipiga barafu na kuharibu muda wa wachezaji. Mwaka 1986, mwaka aliozaliwa Wüst, uliezekwa, ukawa miongoni mwa viwanja vya kwanza duniani vya mita 400 vilivyofunikwa, na miaka ya karibuni umejengwa upya kwa kiasi kikubwa. Unachukua watu wapatao 12,500. Siku za mashindano makubwa jukwaa zima huwa la rangi ya chungwa, na bendi ya matarumbeta ya Kleintje Pils hupiga muziki wakati mashine zikilainisha barafu. Siku niliyoingia hapakuwa na mashindano. Palikuwa na watoto wa shule, wazee waliovaa sweta nzito, na vijana wachache waliokuwa wakizunguka kwa kasi iliyonifanya nirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye ukingo.

Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akifunga kamba za viatu alinisimulia kwamba alimaliza Elfstedentocht ya mwaka 1997. Hakuhitaji kuongeza neno. Elfstedentocht ni safari ya karibu kilomita 200 kwenye barafu ya asili, ikipita miji 11 ya Friesland, kuanzia na kuishia Leeuwarden. Barafu lazima iwe na unene wa sentimita 15 hivi kwenye njia nzima ili iweze kubeba maelfu ya watu. Tangu ya kwanza rasmi mwaka 1909 imefanyika mara 15 tu. Mfalme Willem-Alexander, wakati huo akiwa mwana mfalme, aliimaliza mwaka 1986 akiwa amejiandikisha kwa jina la W. A. van Buren. Ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Baridi za miaka iliyofuata hazikutosha kugandisha njia yote, na hapa Friesland watu wanalitaja jambo hilo kwa majonzi ya kweli.

Wüst alikuwa na miaka kumi siku hiyo. Yeye na wenzake wa rika lake ni kizazi kilichopata ubingwa kwenye barafu inayotengenezwa na mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu. Bila viwanja kama Thialf, naamini mapenzi haya ya Waholanzi yangebaki simulizi za wazee kama yule, na msichana wa Brabant, ambako maji huganda kwa nadra zaidi kuliko kaskazini, asingepata pa kuanzia.

Kuhusu namna wanavyoteleza kwenye viwanja hivi: mtelezaji anaingia kwenye kona kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi, mgongo umelala sambamba na barafu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umewekwa kiunoni. Anatoka kwenye mkunjo huo mwishoni tu, akishavuka mstari. Ni mateso ya mapaja, na mita 1500 ndizo zinazoogopwa zaidi kwa sababu ni ndefu mno kwa mtu wa mbio fupi na ni fupi mno kwa mtu wa masafa. Wanashindana wawili wawili, lakini mpinzani wa kweli ni saa, na matokeo hayajulikani mpaka jozi ya mwisho imalize. Njia ni mbili. Kwa kuwa ya ndani ni fupi kuliko ya nje, wanabadilishana kila mzunguko kwenye upande ulionyooka, na anayetoka njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita kwanza.

Kosa dogo hapo linagharimu miaka. Kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, katika mita 10,000 za wanaume, kocha Gerard Kemkers alimwelekeza Sven Kramer kwenye njia isiyo yake. Kramer alimaliza kwa muda bora kuliko wote, kisha akaondolewa kwenye matokeo. Kemkers ndiye aliyekuwa akimfundisha Wüst pia, na siku mbili tu kabla ya balaa hilo alikuwa amemwona mwanafunzi wake huyo akitwaa dhahabu kwenye barafu hiyo hiyo.

Chuma chenyewe kina unene wa takriban milimita moja, na tangu miaka ya 1990 hakijafungwa kisiginoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, wakiongozwa na Gerrit Jan van Ingen Schenau, walitengeneza kiatu chenye bawaba chini ya vidole, ili mtelezaji anyooshe kifundo cha mguu hadi mwisho huku chuma kikiendelea kugusa barafu. Kisigino kinapoinuka na kurudi kinatoa mlio wa kugonga, na mlio huo ukirudiwa na watu ishirini kwa pamoja unajaza ukumbi mzima. Wanaume wengi mashuhuri walikipuuza. Wanawake wa Kiholanzi ndio waliokikubali mapema katika mashindano makubwa, msimu wa 1996 na 1997, na Tonny de Jong akakitumia kuwa bingwa wa Ulaya mbele ya Mjerumani Gunda Niemann. Mwaka mmoja baadaye, kwenye Olimpiki ya Nagano, hakuna aliyetaka kushinda ambaye hakuwa nacho.

Nalitaja hilo kwa makusudi, maana wanawake walichelewa kukaribishwa kwenye mchezo huu. Wanaume walishindania medali tangu Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi mwaka 1924. Wanawake waliruhusiwa kuonyesha tu, bila medali, huko Lake Placid mwaka 1932, kisha wakasubiri hadi Squaw Valley mwaka 1960. Mara walipofunguliwa mlango, Lidia Skoblikova wa Umoja wa Kisovieti alishinda mbio zote nne za wanawake huko Innsbruck mwaka 1964. Uholanzi ilipata dhahabu yake ya kwanza ya wanawake katika mchezo huu kupitia Carry Geijssen, Grenoble 1968. Miaka ishirini baadaye, Calgary, Yvonne van Gennip aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa mguu msimu huo huo aliwashinda wanawake wa Ujerumani Mashariki mara tatu, kwenye mita 1500, 3000 na 5000. Wüst alikuwa hajafikisha miaka miwili. Nchi aliyokulia ilikuwa tayari inajua mwanamke anaweza kuifanya nchi nzima itazame televisheni.

Turin, Februari 2006. Wüst ana miaka 19. Kwenye mita 3000 anatumia dakika 4 na sekunde 2.43, anawapita Mholanzi mwenzake Renate Groenewold na Mkanada Cindy Klassen, na anakuwa bingwa mdogo kuliko wote katika historia ya Uholanzi kwenye michezo ya baridi. Siku kumi baadaye anapata shaba kwenye mita 1500 kwa dakika 1 na sekunde 56.90, nyuma ya Wakanada wawili, Klassen na Kristina Groves. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa jumla hapa hapa Thialf. Taji hilo ndilo Waholanzi wanaloliheshimu kupita mengine: siku mbili, umbali wa mita 500, 1500, 3000 na 5000, muda wa kila mbio unageuzwa kuwa pointi, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Mtu wa kasi tupu hashindi, na mtu wa pumzi tupu hashindi. Wüst alilitwaa mara saba, kuanzia mwaka 2007 hadi 2020.

Baada ya mwanzo huo ilikuja miaka ya mashaka. Aliyeshinda akiwa na miaka 19 hutazamwa kila msimu kana kwamba ana deni. Misimu iliyotangulia Vancouver haikuwa mizuri, na alipofika huko kutetea taji lake la mita 3000 hakupanda jukwaani. Zikabaki mita 1500. Alishinda kwa dakika 1 na sekunde 56.89.

Tazama tarakimu hizo vizuri. Muda uliompa shaba Turin na uliompa dhahabu Vancouver unatofautiana kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Viwanja ni tofauti, hewa ni tofauti, wapinzani wamebadilika, lakini kwangu hapo ndipo inapoonekana tabia yake. Siku iliyokuwa ya mwisho kwa matumaini yake alirudia mbio zake mwenyewe, karibu bila kupoteza chochote, na safari hii wengine hawakuzifikia. Safari hii Groves alikuwa nyuma yake.

Sochi mwaka 2014 ilikuwa kilele cha wingi. Alirudi na medali tano, idadi ambayo hakuna mwanamichezo mwingine aliyeifikia katika michezo hiyo: dhahabu kwenye mita 3000 na mbio za timu za kufukuzana, fedha kwenye mita 1000, 1500 na 5000. Uholanzi nzima ilichukua medali 23 kati ya 36 zilizoshindaniwa katika mchezo huu. Kwenye mita 1500 Waholanzi walishika nafasi zote nne za kwanza, lakini wa kwanza hakuwa Wüst. Alikuwa Jorien ter Mors, ambaye mchezo wake mkuu wakati huo ulikuwa mbio za uwanja mfupi, zile za kusongamana kwenye kona kali. Ter Mors aliweka rekodi ya Olimpiki ya dakika 1 na sekunde 53.51. Wüst alitumia 1:54.09.

Hapa msomaji wa Kenya ataelewa haraka kuliko wengine. Mashindano magumu zaidi kwa bingwa wa Kiholanzi mara nyingi si Olimpiki. Ni mchujo. Kila baada ya miaka minne, siku chache baada ya Krismasi, watelezaji wote wanakuja Thialf na kila mmoja anapewa nafasi yake mbele ya majukwaa yaliyojaa. Nafasi za kwenda Olimpiki ni chache kuliko watu wanaoweza kushinda medali huko. Bingwa wa dunia aliyeamka na homa siku hiyo anaweza kubaki nyumbani, kama ambavyo kwetu bingwa wa Olimpiki anaweza kumaliza wa nne Nairobi na kuitazama safari kwenye runinga. Sheria ni kali na wengi wameilaumu, lakini nimeitafakari sana na sioni jingine lililomfanya Wüst adumu. Mtu hawezi kuishi kwa sifa za Turin katika nchi ambayo kila Desemba kuna msichana mpya wa miaka 20 kwenye njia ya pili. Alipita kwenye mchujo huo tena na tena, dhidi ya Groenewold, dhidi ya Marrit Leenstra, dhidi ya ter Mors, hatimaye dhidi ya Antoinette de Jong, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati Wüst anashinda Turin.

Timu pia zilibadilika. Tofauti na nchi nyingi, watelezaji wakubwa wa Uholanzi huajiriwa na timu za kibiashara zinazobeba jina la mdhamini, kama timu za baiskeli. Mdhamini akiondoka, timu inavunjika, na bingwa anaanza kutafuta kocha, wenzake wa mazoezi na mshahara. Wüst alipita kwenye timu kadhaa kwa namna hiyo. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa na mpinzani asiyebadilika, Martina Sáblíková wa Jamhuri ya Cheki, mwanamke aliyetoka nchi isiyo hata na uwanja mmoja wa ndani wa mita 400 na bado akawa malkia wa masafa marefu. Ushindani wao uliniathiri nilipousoma kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mmoja alikuwa na kila kitu alichohitaji mlangoni na mwingine alilazimika kuvuka mipaka kutafuta barafu ya kufanyia mazoezi, na kwa zaidi ya miaka kumi tofauti yao ilikuwa sekunde chache.

Gangneung, Korea Kusini, Februari 2018. Wüst anapoteza mita 3000 kwa sehemu nane za mia ya sekunde kwa Carlijn Achtereekte, Mholanzi mwenzake ambaye watu wengi nje ya nchi walikuwa hawamjui. Siku mbili baadaye anashinda mita 1500 kwa 1:54.35, mbele ya Miho Takagi wa Japani. Takagi alikuwa ndiye jina la wakati huo, na mwaka uliofuata, huko Salt Lake City, aliteleza 1:49.83, rekodi ya dunia. Salt Lake City iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi haimzuii mtu anayekwenda kwa kasi hiyo. Sisi tunaopeleka wakimbiaji Iten ili mapafu yao yateseke kwenye mazoezi tunaujua mwinuko kwa sura nyingine. Kwa watelezaji mwinuko ni zawadi ya siku ya mashindano. Thialf haina zawadi hiyo, iko chini karibu sawa na bahari, na rekodi za uwanja wake huheshimiwa kwa sababu hiyo.

Januari 2019 ilileta msiba. Paulien van Deutekom, bingwa wa dunia wa mwaka 2008 na rafiki wa karibu wa Wüst, alifariki kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 37, akaacha mtoto mdogo. Wüst hakuficha maumivu yake mbele ya watu, na kwa mwanamichezo aliyezoea kila swali kuwa juu ya sekunde na mizunguko, huo ulikuwa ujasiri. Aliendelea. Februari 2020 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1500, na muda mfupi baadaye, Hamar nchini Norwei, alitwaa lile taji la saba la jumla, miaka 13 baada ya la kwanza. Kisha janga la korona lilifunga viwanja, na mashindano makubwa ya mwanzoni mwa mwaka 2021 yote yakakusanywa Thialf bila mtazamaji hata mmoja.

Tarehe 7 Februari 2022, Beijing. Wüst ana miaka 35 na amekwisha kutangaza kwamba huu ni msimu wake wa mwisho. Takagi, mwenye rekodi ya dunia, yuko kwenye orodha. De Jong pia. Wüst anatumia dakika 1 na sekunde 53.28. Rekodi ya Olimpiki iliyovunjika siku hiyo ni ile ya ter Mors, iliyomnyima dhahabu Sochi. Wüst wa miaka 35 alikuwa amempita Wüst wa miaka 27 kwa zaidi ya nusu sekunde, na yule wa miaka 19 kwa zaidi ya tatu na nusu. Takagi alipata fedha kwa 1:53.72, de Jong shaba. Ukigawanya umbali kwa muda huo unapata karibu kilomita 48 kwa saa, kuanzia kusimama tuli. Kipyegon, mwanamke mwenye kasi kuliko wote kwa miguu katika umbali huo, anahitaji karibu mara mbili ya muda huo.

Aliongeza shaba ya mbio za timu, akafikisha medali 13 za Olimpiki: dhahabu sita, fedha tano, shaba mbili. Hakuna mtelezaji mwingine wa mbio hizi, wa kike wala wa kiume, mwenye nyingi hivyo. Mwezi wa Machi aliteleza mara ya mwisho kwenye mashindano, Thialf, mbele ya watu wake.

Beijing ilitoa pia habari nyingine ambayo msomaji wa Afrika anastahili kuisikia hapa. Siku sita baada ya ushindi wa Wüst, Erin Jackson wa Marekani alishinda mita 500 na kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alikulia Ocala, Florida, mji wa joto, na alijifunza mbio akiwa na viatu vya magurudumu, akahamia barafuni akiwa mtu mzima. Nilipokuwa nikiwatazama vijana wa Thialf niliwakumbuka wale wanaoteleza kwa magurudumu kwenye barabara za Nairobi siku za Jumapili, wakipishana na matatu. Sidhani kwamba ni ndoto ya mbali kuwaza mmoja wao akifuata njia ya Jackson.

Kutoka Heerenveen niliteremka kusini hadi Tilburg, jirani na Goirle, kwa treni zinazovuka karibu nchi nzima. Uwanja wa barafu wa Tilburg unaitwa kwa jina la Ireen Wüst. Hapa hakuna majukwaa ya maelfu. Kuna watoto wanaosukuma vishikizo vya plastiki ili wasianguke, na wazazi wenye vikombe vya kahawa. Kundi la wasichana wa miaka kumi na kitu lilikuwa kwenye mazoezi, na kando ya ukingo alisimama mwalimu wao, kijana mwenye saa mbili za kupimia muda zilizoning'inia shingoni.

Aliposikia natoka Kenya hakuniuliza juu ya simba. Aliniuliza jinsi Faith Kipyegon anavyogawa nguvu zake. Kwenye barafu, alinieleza, mita 1500 ni mita 300 za kuanzia na mizunguko mitatu, na kila mzunguko unakuwa wa polepole kuliko uliotangulia. Hakuna anayeweza kuzuia hilo, kwa kuwa mapaja yamekwisha kuungua, na ufundi wote ni kupungua kidogo kuliko wengine. Hapo, kwa maoni yake, ndipo Wüst alipowazidi wote. Kilichomshangaza ni kwamba wakimbiaji wetu hufanya kinyume, mzunguko wa mwisho ndio wenye kasi. Nilimwambia kwamba Paris haikuwa hivyo tu, kwa sababu Muethiopia Gudaf Tsegay aliivuta mbio tangu mwanzo na Kipyegon alilazimika kukaa kwenye moto huo mpaka mwisho. Hakuridhika na maelezo. Nikamtafutia mbio hizo kwenye simu, naye akawaita wasichana wake, wakaja wakiwa wamevaa kofia zao za mazoezi na kujipanga ukingoni. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia kwenye simu, mwalimu alibonyeza saa yake.